Gunia la mkaa na tani ya kaboni

Mama wa Kiturkana anayeuza mkaa kwa wakimbizi wa Kakuma hulitua gunia chini, mnunuzi akalifungua na kulitikisa kuona kama ni vumbi tupu, ndipo bei ipatanwe. Tani ya kaboni, ile inayohifadhiwa na malisho na kuuzwa kwa cheti, haitikisiki. Mnunuzi yuko Ulaya au Marekani, kipimo kiko kwa wataalamu, na mfugaji ambaye malisho yake ndiyo bidhaa huenda asiuone mkataba wenyewe.

Isiolo imekwisha kuonja uchungu wa biashara hii. Mradi wa kaboni wa nyanda za malisho, ulioanzishwa na shirika la Northern Rangelands Trust mwaka 2013 kwenye hekta zipatazo milioni 1.9, uliwauzia vyeti wakubwa kama Netflix na Meta. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kuwa hifadhi mbili za jamii zilianzishwa kinyume cha sheria, bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Mojawapo, Biliqo Bulesa, imo ndani ya mradi huo. Baadaye Verra, shirika linalotoa vyeti, likausimamisha mradi kwa mara ya pili.

Sheria ya Kenya ya Mabadiliko ya Tabianchi, iliyorekebishwa Septemba 2023, inataka miradi ya ardhini iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Naipongeza kwa dhati. Ila asilimia 40 ya kiasi gani, ikiwa bei ya tani hupatanwa faraghani?

Turkana kuna fundo jingine. Ardhi kubwa ya jamii haijasajiliwa, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaiacha mikononi mwa kaunti kama mdhamini. Mwekezaji akitua Lodwar, makao makuu ya kaunti, atamaliza mambo ofisini kabla wenye malisho hawajasikia?

Watu wa Lokiriama, huko huko Turkana mpakani na Uganda, wanajua mapatano ya hadharani. Desemba 1973 Waturkana na Wamatheniko wa Uganda walifanya amani hapo, silaha zikafukiwa watu wakiona, na hadi leo hukutana kila mwaka kuikumbuka. Mkataba wa kaboni nao usomwe barazani kwa Kiturkana: tani ngapi, bei gani, gharama zipi, na zaidi ya yote, nani atazuiwa kulisha wapi. Ukame ukizidi, mifugo ya Lokiriama huvuka kwenda Karamoja, kwa hao Wamatheniko. Malisho yakifungwa upande huu, mzigo utawaangukia Wamatheniko, kwa hiyo nao waitwe wausikie mkataba kabla sahihi haijatiwa.