Taa Moja, Swichi Mbili

Wiki hii tuingie katika nyumba moja ya zamani pale Mwadui, wilaya ya Kishapu, tukaitazame taa ya korido. Nyumba hiyo ni ya zamani za mgodi. Dokta Williamson, yule Mkanada mtaalamu wa mawe, aliipata almasi ya Mwadui mwaka 1940, naye alifariki mwaka 1958. Katika miaka hiyo mji wa mgodi ulikuwa na taa za umeme, huku vijiji vya kandokando vikiwasha koroboi na chemli. Nyumba za namna hii zingalipo, zina kuta nene na korido ndefu itokayo barazani hata jikoni. Na katika korido hiyo kuna taa moja yenye swichi mbili, moja kila mwisho, ili mtu asitembee gizani.

Kijana wa nyumba ile alikuja likizo na zawadi ya wazazi wake, taa mpya aliyoinunua Shinyanga mjini. Ile ya zamani ilikuwa imepasuka kioo, na holda yake imelegea hata globu ikakaa kichwa upande. Akazima swichi ya barazani, taa ikazimika. Akaweka kiti juu ya meza (jambo ambalo nalo si jema), akapanda, akaanza kufungua skrubu. Jua lilikuwa linatua. Mama yake alikuwa jikoni anasonga ugali. Akatoka na bakuli mkononi, na kwa desturi ya miaka mingi akaibonyeza kwa kiwiko swichi ya upande wa jikoni.

Kijana alirushwa chini. Tumshukuru Mungu, alivunjika mkono tu. Lakini mama yule hakulala usiku kucha. Kila aliyefika kuwapa pole alimwambia neno lile lile: “Ni mimi niliyewasha.” Mumewe akamwambia, “Mama watoto, usijilaumu. Nyumba hii tumekaa miaka yote, na mimi mwenyewe sijui swichi hizi zafanyaje kazi.” Neno hilo la mzee ndilo lililonifanya niandike. Maana siku hizi umeme umefika vijiji vingi ambavyo wazee wetu hawakutazamia kuuona huko, na si sisi sote tujuao kilichomo ndani ya ukuta.

Swichi ya kawaida ya chumbani ni kama lango moja, limefunguliwa au limefungwa, basi. Lakini swichi hizi za korido, ambazo mafundi huziita za tuwei, ni kitu kingine. Fikiri zizi na kisima, na kati yao vijia viwili. Hapo zizini pana lango moja ambalo likifungua kijia cha kulia hufunga cha kushoto, na likigeuzwa hufungua cha kushoto na kufunga cha kulia. Kisimani pana lango jingine la namna hiyo hiyo. Ng'ombe watafika majini ikiwa malango yote mawili yameelekea kijia kimoja. Mtu wa zizini akigeuza lango lake, ng'ombe wamekwama. Mtu wa kisimani akigeuza la kwake, wanapita tena, wala hakuhitaji kumwuliza mwenzake. Katika majengo makubwa huwekwa na swichi ya tatu katikati, ambayo kazi yake ni kuvibadilishana vijia viwili, cha kulia kiwe cha kushoto.

Sasa msomaji ataelewa kilichompata kijana yule. Yeye alifunga njia kwa lango lake, mama akaifungua kwa lango la pili. Tena ataelewa kwamba swichi ya namna hii kuwa juu au chini haisemi kitu. Hakuna upande wa kuzima. Na katika vile vijia viwili, kimoja kina moto daima, usiku na mchana, taa iwake isiwake.

Hata kama mama asingalitoka jikoni, hatari ilikuwapo. Katika nyumba nyingi waya wa moto hupitia kwenye kile kikombe cha dari kabla ya kwenda kwenye swichi, na huo hauzimwi na swichi yo yote. Nyumba nyingine za zamani zilifungwa vibaya zaidi, ili kuokoa waya. Waya wa moto na wa nyutro, zote mbili, zilipelekwa kwenye kila swichi. Hapo taa yaweza kuzimika kwa kuwa ncha zake zote mbili zina moto! Globu imezimika, korido i giza, na chuma cha holda chaweza kumwua mtu.

Kuua si neno la kutisha watoto. Vile vifaa vya kulinda watu, vikatavyo umeme unapovuja, aghalabu huwekwa vikate uvujaji ufikapo miliampia 30. Globu ya wati 60 katika umeme wetu wa volti 230 hupitisha kiasi cha miliampia 260.

Kwa hiyo, anayetaka kubadili taa ya swichi mbili ni shuruti azime meni swichi, wala si swichi ya ukutani. Awaambie wote waliomo nyumbani, hata mgeni, na kisanduku kikiwa na kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwake. Nimewaona watu wakisema, “Umeme umekatika, tufanye upesi kabla haujarudi.” Hao wanacheza na roho zao. Wengine husubiri Luku iishe, wakidhani wamesalimika, kumbe mtoto ametumwa dukani, anarudi na tokeni na kuiingiza kama alivyozoea. Meni swichi izimwe, hata kama nyumba nzima ni giza.

Kisha apime. Tesita ijaribiwe kwanza mahali penye moto uliojulikana, ipelekwe kwenye nyaya za taa, kisha irudishwe tena pale penye moto, kwa maana tesita iliyokufa nayo haiwaki. Mahali pa kuijaribia pawe nje ya meni iliyozimwa, kama kwa jirani.

Rangi za nyaya ndizo ziwadanganyao vijana waliojifunza juzi. Waya za kwetu zilifungwa kwa desturi ya Kiingereza: nyekundu ni moto, nyeusi ni nyutro, kijani ni ya ardhi. Waingereza wenyewe walibadili kati ya mwaka 2004 na 2006, wakachukua kahawia kuwa moto na buluu kuwa nyutro. Lakini katika waya za zamani za swichi mbili mara nyingi mna nyekundu, njano na buluu pamoja, na zote tatu hubeba moto kwa zamu. Kijana akiona buluu akadhani ni nyutro, amekosea vibaya. Nyeusi nayo mara nyingi ndiyo irudiyo kutoka swichi kwenda kwenye taa, nayo ina moto taa iwakapo. Kwa hiyo kabla ya kulegeza skrubu hata moja, achore karatasini kila waya ulipokaa, na kuufunga kila mmoja utepe wenye alama. Dakika kumi za kuchora zaepusha siku nzima ya kutafuta.

Liko na jambo la taa yenyewe. Kanuni za Uingereza ziliamuru waya wa ardhi katika taa tangu mwaka 1966 tu, hivyo nyumba za kabla ya hapo mara nyingi hazina. Taa nzuri ya chuma, hata ikiwa zawadi ya mtoto, isifungwe mahali pasipo waya huo, mpaka uvutwe. Itafutwe ya plastiki. Na kama nyaya zina ngozi ya mpira wa zamani, nao umekauka na kumeguka kama ukoko unapoukunja, kazi ikome hapo hapo, maana si taa tena inayotakiwa bali waya mpya.

Sikusudii kumfanya kila baba awe fundi. Sheria yataka kazi ya nyaya ifanywe na mwenye leseni ya EWURA. Lakini mwenye nyumba aijuaye kazi atamtambua fundi aanzaye kwa kuuliza, “Meni swichi iko wapi?” na yule aanzaye kwa kuuliza ngazi.

Pale Mwadui, baada ya wiki tatu, alikuja fundi wa namna ya kwanza. Akapima, akachora, akakuta kwamba waya wa ardhi haukuwapo. Taa ya chuma ikawekwa kabatini, ikafungwa ya plastiki. Halafu akawasimamisha wenyeji kwenye swichi, maana kila swichi sharti ibadilishe taa peke yake, vyo vyote ilivyokaa ile nyingine. Kijana, mkono wake ungali katika plasta, alikaa barazani. Mama alikaa jikoni, naye mwanzo alikataa kabisa kuigusa. Fundi akamngoja. Mwisho akabonyeza, taa ikawaka. Kijana akabonyeza, ikazimika. Mama akabonyeza, ikawaka tena, kijana akaizima. “Mara nyingine,” alisema mama, wakazunguka upya, mpaka ugali ukaanza kuungua.