Onyo liko kwenye pakiti, sigara inauzwa mojamoja

Simama kidogo kando ya kibanda chochote karibu na steji ya matatu jijini Nairobi. Pakiti ya sigara imefunguliwa mezani, jirani na peremende, chingamu na njugu. Kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa kamba kisije kikaondoka na mteja. Kondakta anatoa sarafu, anachomoa fegi moja, anaiwasha papo hapo na kuivuta akiwa ameegemea mlango wa gari linalopakia abiria. Hakuna anayeshtuka.

Hapo sheria imevunjwa mara mbili. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika 2008, inataka sigara ziuzwe katika pakiti yenye sigara zisizopungua 10. Inakataza pia kuvuta ndani ya vyombo vya usafiri wa umma na mahali pengine pa umma. Anayevuta huko anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh50,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au vyote viwili.

Biashara ya mojamoja inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayotoboa sheria nzima. Chukua zile picha za magonjwa zilizochapishwa kwenye pakiti. Kanuni za mwaka 2014 zilizoziagiza zilipingwa mahakamani na kampuni ya BAT Kenya mwaka 2015, na kesi ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu, iliyotupilia mbali rufaa hiyo Novemba 2019. Serikali ilishinda. Lakini anayenunua fegi moja hazioni picha hizo, kwa kuwa pakiti inabaki kwa muuzaji. Na ushuru ukiongezwa ili pakiti iwe ghali, mwanafunzi mwenye sarafu mfukoni bado anaimudu sigara moja. Sheria inasema asiuziwe aliye chini ya miaka 18. Nani kibandani anauliza kitambulisho?

Wakati tunahangaika na sigara, bidhaa mpya zimeingia kwa mlango wa nyuma. Vijifuko vya nikotini vya Lyft, ambavyo mtumiaji huvibana kati ya fizi na mdomo, viliingia sokoni Kenya 2019 vikiwa vimesajiliwa kama bidhaa ya dawa, hadi Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alipoagiza usajili huo ufutwe mwaka 2020. Vepu, yaani sigara za kielektroniki, nazo zinakuja na ladha za embe, zabibu na minti, na umbo linaloweza kudhaniwa kalamu au flashi ya kompyuta. Mzazi anayenusa shati la mwanawe akitafuta harufu ya moshi hataambulia kitu.

Majirani wetu wa Uganda walichagua njia iliyonyooka zaidi. Sheria yao ya mwaka 2015 ilipiga marufuku shisha na sigara za kielektroniki, na umri wa kuuziwa tumbaku ukawekwa miaka 21. Marufuku peke yake haitoshi, kwani utekelezaji una kazi yake kila mahali, lakini angalau ofisa wa Uganda anayekamata vepu hahitaji kubishana kuhusu sheria inayoihusu.

Kumkimbiza mama wa kibanda na kumwaga peremende zake barabarani hakutatibu lolote. Anauza mojamoja kwa sababu humo ndimo faida ilimo, na kwa sababu pakiti humfikia bila masharti yoyote. Kaunti zianze kutoa leseni maalumu ya kuuza tumbaku na nikotini, ili anayemuuzia mtoto aipoteze, na msambazaji anayempelekea asiye na leseni awajibishwe naye. Bunge nalo liziandike vepu na vijifuko vya nikotini ndani ya sheria kwa majina yake.

Nawe mzazi, usisubiri askari wa kanjo. Muuza duka wa mtaani kwako unamfahamu kwa jina. Mwambie wazi kwamba mwanao asiuziwe.