Je, Wajua? Mvule Huikataa Vanishi

Mashua kongwe ikipandishwa nchi kavu ikarabatiwe, kila mtu huulizia mkuku na mataruma. Kumbe kinachompotezea fundi muda ni kitu chembamba: ule ukanda wa mbao unaozunguka ukingo wa juu, ambao mwenye mashua hataki upakwe rangi. Anataka vanishi, uzuri wa mbao uonekane. Kwa mashua za Ziwa Viktoria, kuanzia Port Bell, bandari ya Luzira katika eneo la Nakawa jijini Kampala, sioni mbao inayofaa kazi hiyo kuliko mvule.

Mvule (Milicia excelsa), ambao Waganda huuita muvule na wafanyabiashara wa Afrika Magharibi iroko, hauozi upesi na mchwa hawaupendi. Ila una vituko. Ndani ya shina lake huweza kujificha mawe ya kweli, ya kalsiamu kaboneti, jamii moja na chokaa. Msumeno ukiyagonga, meno yamekwisha. Vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua, kwa hiyo fundi anayejifunga kitambaa puani hafanyi mapambo.

Ubao mmoja hautoshi kuzunguka mashua, hivyo vipande huungwa kwa mshazari. Ubao wenye unene wa sentimita 2 hukatwa mteremko wa sentimita 16 au zaidi, gundi ipate pa kushika. Ukiunga ncha kwa ncha, kiungo kitaachia mara tu ubao utakapopindwa.

Kasheshe huanza kwenye vanishi. Wengi hudhani hukauka kama nguo kwenye kamba. Sivyo. Kinachoruka hewani ni tina tu; mafuta yanayobaki huvuta oksijeni, na molekuli zake hushikana hadi kuwa utando mgumu. Sasa, mvule una kemikali iitwayo klorofori­ni, inayoukinga mti dhidi ya kuvu na wadudu. Kemikali hiyohiyo huukatiza mshikamano wa mafuta. Unapaka leo, kesho unagusa, kidole kinanata. Keshokutwa, bado. Mteja naye analaumu duka kwa kumuuzia vanishi feki.

Dawa yake ni kitambaa chenye tina: unafuta ubao, unabadilisha kitambaa, unafuta tena, hadi kitambaa kiache kutoka na rangi ya manjano. Kisha unapaka mkono wa kwanza papo hapo, mwepesi, uliochanganywa tina nyingi ili uzame. Wengine hutanguliza epoksi, ambayo hukauka bila kuhitaji oksijeni.

Hapo umemaliza ugomvi na mti. Umebaki ugomvi na jua. Uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na Luzira iko jirani kabisa na ikweta, hivyo miale ya urujuanimno hushuka kwa ukali. Vanishi haina rangi ya kuizuia. Miale hupenya hadi kwenye mbao na kuvunja lignini, ile gundi ya asili inayoshikilia nyuzi za mti. Uso wa mbao ukishalegea, vanishi hubanduka vipande vipande hata kama yenyewe ni nzima. Ndiyo maana vanishi ya mashua hutiwa kemikali za kufyonza miale hiyo, na mafuta mengi zaidi, ili utando unyumbuke mbao inapovimba na kusinyaa. Vanishi ya meza ya sebuleni haina shughuli na mambo hayo. Ukiipaka kwenye mashua itapasuka.

Mashua za kuvulia mputa (sangara) na mukene (dagaa) zinapopakwa rangi nzito, basi, si kwamba wenyewe hawajui urembo. Rangi hulizuia jua lisiufikie mti. Vanishi humtaka mtu aliye tayari kuirudia mara kwa mara, msasa mkononi, kabla haijaanza kubanduka.

Huko pwani mafundi wa majahazi walipita njia nyingine: sifa, yaani mafuta ya papa. Hayafanyi utando wa kubanduka; yakififia, hupakwa mengine juu kwa juu, bila msasa wala tina. Harufu yake, hata hivyo, ni habari nyingine.