Urefu si Nafasi: Kwa Nini Pikapu Iliyoinuliwa Hugonga Kikomo

Dereva anayebeba viazi kutoka Mau Narok, Molo au Olenguruone anaujua mlio huu. Gurudumu linazama shimoni, springi zinajikunja, na kabla gari halijainuka tena kinatoka kishindo cha chuma kwa chuma kinachopanda uti wa mgongo hadi kwenye meno. Tumbo la gari halijagusa ardhi. Ekseli ndiyo iliyopanda, ikamaliza nafasi yake yote, ikaipiga chasisi. Gari limegonga kikomo.

La kushangaza ni kwamba mara nyingi gari linalolia hivyo ni lile lililoinuliwa. Chukua Toyota Land Cruiser 79, pikapu inayoonekana kila pembe ya Bonde la Ufa: injini ya dizeli ya 1HZ yenye silinda sita na ujazo wa lita 4.2, springi za koili mbele, springi za mabamba nyuma. Mwenyewe anaiinua sentimita tano, anaivika magurudumu makubwa, bampa ya chuma na winchi. Akisimama kando anaona uwazi mkubwa kati ya gurudumu na bodi, moyo unatulia. Safari ya kwanza ya kwenda shambani, kishindo ni kile kile, tena kimezidi. Anarudi kwa fundi akiomba springi ngumu zaidi. Huenda hizo zikawa pesa za pili kupotea.

Hesabu ya magunia 12

Mwaka 1678 mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke alichapisha kanuni ambayo kila fundi wa springi huitumia, awe amesikia jina lake au la: kadiri unavyoikandamiza springi ndivyo inavyokusukuma, na uzito ukizidi mara mbili, kujikunja nako huzidi mara mbili.

Tuifanyie kazi kwa mfano. Tuseme kila springi ya nyuma imebeba kilo 600, na kwa uzito huo imejikunja sentimita 12. Maana yake ni kilo 50 kwa kila sentimita. Chini ya chasisi pana kipande cha raba kinachongoja ekseli isije ikapiga chuma kitupu. Tukiite raba ya kikomo. Gari likiwa tupu, kati ya raba hiyo na ekseli pamebaki sentimita 10.

Sasa pakia magunia 12 ya viazi ya kilo 50. Hizo ni kilo 600, na zikilala juu ya ekseli ya nyuma, kila springi inaongezewa kilo 300. Inashuka sentimita sita. Zimebaki nne.

Kutoka kumi hadi nne, mtu atasema nafasi imepungua kidogo zaidi ya nusu. Lakini nishati ambayo springi inaweza kuipokea kabla ya kugonga haifuati urefu wa nafasi iliyobaki. Inafuata mraba wake. Kumi mara kumi ni mia moja. Nne mara nne ni kumi na sita. Uwezo wa kumeza mshtuko umeshuka zaidi ya mara sita. Na uzito uliopo juu ya springi nao umeongezeka, kwa hiyo hata kasi ndogo ya kuteremka, takriban theluthi moja ya ile ya gari tupu, inatosha kuleta kishindo.

Hesabu hiyo pia inaeleza kwa nini mguu wa dereva ni sehemu ya springi. Nishati ya mwendo nayo hufuata mraba wa kasi. Ukipita tuta kwa kilomita 60 kwa saa badala ya 40, kasi umeiongeza nusu, lakini nishati imekuwa mara mbili na robo.

Ardhi inayoficha

Bonde la Ufa la kati lina namna yake ya kuzipima springi. Ardhi hii ilimwagwa na volkeno. Majivu na mawe mepesi yametapakaa kuanzia kreta ya Menengai hadi kingo za Naivasha, na pale Kariandusi, karibu na Gilgil, kuna tabaka nyeupe za maganda ya viumbe vidogo mno vya majini, kumbukumbu ya ziwa kubwa la kale. Jua likiwaka, udongo wa namna hii husagika ukawa unga. Madereva wa mbio za magari huuita feshifeshi. Ukiutazama ni laini kama unga wa ngano, kumbe chini yake kuna jiwe au handaki.

Safari Rally iliporudi katika mashindano ya dunia mwezi Juni 2021, kambi yake ikiwa Naivasha, Mbelgiji Thierry Neuville aliamka Jumapili akiwa anaongoza. Katika hatua ya kwanza ya siku hiyo, Loldia, shokomzoba ya nyuma ikaharibika na mbio zake zikaishia hapo. Ushindi ukaenda kwa Sébastien Ogier wa Ufaransa. Kama gari lililotengenezwa na wahandisi bora duniani linaweza kushindwa na ardhi hii, mkulima wa Kuresoi hana haja ya kuona aibu.

Halafu kuna matuta madogo yanayofuatana kama mbao za kufulia. Mwaka 2007 wanasayansi Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walichapisha majaribio ya gurudumu linalozunguka juu ya mchanga. Waliona kwamba matuta hayo huzuka yenyewe mara gurudumu linapovuka kasi fulani, hata kama halina springi. Kwa hiyo barabara yoyote ya changarawe inayopitiwa kila siku kwa kasi inayozidi hiyo itafanya mawimbi, na gari litakuwa likipigwa mara nyingi kwa sekunde. Hapo springi peke yake haifai kitu bila mwenzake.

Mafuta yanayochoka

Mwenzake ni shokomzoba, au shoki kama inavyoitwa gereji. Springi hupokea nishati na kuirudisha, shokomzoba huimaliza. Ndani yake pistoni inasukuma mafuta yapite kwenye matundu madogo, na mwendo unageuka joto. Ukishika shoki baada ya saa nzima ya njia ya mawimbi, utaikuta inachoma.

Joto ndilo adui. Mafuta yakipata moto yanakuwa mepesi na kupita matunduni bila upinzani. Yakichanganyika na hewa yanatoa povu, na povu halizuii kitu. Ndiyo maana shoki nyingi za kazi ngumu hujazwa gesi ya naitrojeni kwa shinikizo ili povu lisijitokeze. Gari linaloondoka Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya bahari, likateremka hadi njia za mawe za pembeni mwa Ziwa Baringo, karibu na mita 1,000, linaingia kwenye joto kali huku shoki zake zenyewe zikichemka. Likianza vizuri na kuanza kugonga baada ya nusu saa, usilaumu springi. Mafuta yamechoka.

Kuna kosa jingine ambalo ni gumu kuaminika hadi ulione. Shoki inaweza kuwa ngumu kupita kiasi wakati wa kurudi. Gurudumu linapanda tuta la kwanza, springi inataka kunyooka, lakini shoki inaishikilia. Kabla haijarudi, tuta la pili limefika, kisha la tatu. Kila mara gari linabaki chini kidogo zaidi, hadi nafasi inakwisha. Dereva anasikia kishindo, anadhani springi ni laini, anaongeza springi ngumu. Kumbe tiba ilikuwa kulegeza shoki upande wa kurudi.

Urefu si nafasi

Turudi kwa pikapu yetu. Sentimita tano zilizoongezwa zimekwenda wapi?

Ikiwa zimetokana na kuinua bodi juu ya chasisi, nafasi ya ekseli haikubadilika hata milimita moja. Ikiwa zimetokana na spesa, yaani kipande cha kujazia, iliyowekwa juu ya koili, ekseli imesogea mbali na chasisi na nafasi ya kupanda imeongezeka, lakini ugumu wa springi ni ule ule, na shoki ya zamani sasa imevutwa karibu na mwisho wake wa chini. Gurudumu likining'inia shimoni, shoki inafika mwisho na kutoa kishindo. Madereva wengi huchukua kishindo hicho cha kunyooka kuwa ni cha kujikunja, wakatibu ugonjwa ambao gari halina.

Fundi akiweka shoki ndefu kuponya hilo, mlango mwingine wa matatizo unafunguka. Shoki ndefu, ikijikunja kabisa, bado ni ndefu kuliko ya zamani. Inaweza kufika mwisho kabla ekseli haijaigusa raba. Hapo pistoni inageuka nyundo: mihuri inapasuka, mafuta yanamwagika, vishikio vya shoki vinang'oka kwenye chasisi. Dawa yake ni kuishusha raba ya kikomo ili ipokee pigo kwanza. Magurudumu makubwa nayo yanadai hivyo hivyo, la sivyo yatasaga bodi. Raba ikishuka, sehemu ya zile sentimita tano imeliwa.

Ndiyo maana swali la kwanza kabla ya kuinua gari ni: litafanya kazi gani? Katika mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza mwaka 1989 kuchangisha fedha za ua wa umeme wa msitu wa Aberdare, mshindi ni anayefika vituo 13 ndani ya saa kumi kwa umbali mfupi zaidi, si kwa mbio. Magari yale hupanda mawe polepole na yanahitaji magurudumu yanayoning'inia chini sana. Gari la Safari Rally hupaa na kutua, hivyo linahitaji nafasi ya kupanda na mafuta yasiyochoka. Pikapu ya viazi inahitaji springi inayolingana na mzigo.

Bamba moja zaidi

Nyuma ya pikapu nyingi, tiba inayojulikana ni kuongeza bamba. Ni tiba halali ikipimwa. Ugumu wa bamba hufuata kipeo cha tatu cha unene wake: bamba la milimita 10 linakaribia kuwa na ugumu mara mbili ya lile la milimita 8 lenye upana na urefu ule ule. Kwa koili, unene wa chuma unahesabiwa kwa kipeo cha nne: ukiongezeka asilimia 10, ugumu unaongezeka asilimia 46. Kwa hiyo bamba nene lililotolewa kwenye lori linaweza kuigeuza pikapu kuwa ubao. Ikiwa tupu itarukaruka, gurudumu litaachana na barabara, na breki hazishiki gurudumu lililo hewani. Afadhali bamba la akiba lililokaa chini ya mengine, linaloanza kufanya kazi mzigo ukishaingia.

Kupasha moto bamba lililolegea ili kulikunja upya ni jambo la kuepuka. Chuma cha springi kilipewa uthabiti wake kwa moto na kupozwa kwa kipimo. Moto wa kukisia unaufuta, na bamba litalala tena au kukatika. Tena springi mpya haibadilishi ekseli, breki wala kiwango cha mzigo alichoweka mtengenezaji.

Tiba kwa mpangilio

Anza kwa kupima, gari likiwa tupu na kisha likiwa na mzigo wake wa kawaida: kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, na kutoka ekseli hadi raba ya kikomo. Funga kamba nyembamba ya plastiki kwenye fimbo ya shoki, ikigusa mwili wake. Paka grisi kidogo kwenye raba. Endesha kipande kile kile cha njia kwa kasi ile ile, kisha chungulia. Kamba itaonyesha shoki ilijikunja hadi wapi. Grisi iliyohama itasema kama raba iliguswa. Kama shoki haikujikunja hadi mwisho na raba haikuguswa, lakini kishindo kilisikika, tafuta bushi zilizokwisha, kishikio kilicholegea, au shoki inayofika mwisho wake wa chini.

Pili, hakikisha raba inagusa kabla ya shoki kufika mwisho, ukiacha angalau sentimita moja au mbili. Springi zikiwa zimetolewa, pandisha ekseli kwa jeki, gari likiwa limeegemezwa kwenye viegemeo imara, uone kwa macho yako. Raba iliyokauka na kupasuka ibadilishwe. Ile laini yenye vitundu vya hewa ndani huanza kupokea pigo mapema na kuligawa.

Tatu, chagua springi kwa uzito halisi, ukihesabu bampa na winchi pia, kisha shoki inayozifaa springi hizo. Nne, tazama upepo wa matairi, kwa kuwa tairi ndilo springi ya kwanza kabisa. Kuupunguza kiasi kwenye mawe, kwa mwendo wa polepole, kunasaidia. Ukifika lami ujaze tena, kwani tairi laini kwenye kasi hupata moto na kupasuka.

Nalisisitiza hili la kupima kwa sababu pikapu hizi hazibebi viazi tu. Usiku, katika vijiji vya Mau ambako ambulensi iko mbali, ndizo zinazompeleka mama mwenye uchungu hospitali, akiwa amelazwa nyuma kwenye godoro. Kila pigo la ekseli linampata yeye, na kila pigo linaongeza ufa mdogo kwenye chasisi ambao siku moja utafunguka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Utepe wa kupimia wa fundi cherehani unatosha kuanza. Andika kwa chaki ndani ya mlango: nafasi ya gari tupu, nafasi ya gari lenye mzigo, na mahali kamba ilipoishia. Siku nambari hiyo ya tatu itakaposimama vidole viwili kabla ya mwisho, magunia yote 12 yakiwa juu, kazi ya fundi imekamilika.