Mti wa ukoo ndani ya kompyuta: mzizi ukihama, jamaa wote wabaki

Mwanafunzi wa uandishi wa programu za kompyuta hupewa mti wa majina, akaambiwa auhamishe mzizi wake kutoka jina moja hadi jingine bila kupoteza hata tawi moja. Kwa familia za Waswahili wa Muscat, ambazo nasaba zao zimevuka bahari, zoezi hilo lina maana hata nje ya darasa.

Hail ni eneo la makaazi katika wilaya ya Seeb, magharibi ya mji wa Muscat. Karibu yake ni Al Khoud, kilipo Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilichofunguliwa mwaka 1986. Mjini Muscat Kiswahili kingali kinasemwa majumbani, hasa katika familia zilizotoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya Januari 1964, na zile zilizorejea baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita nyumbani Waomani waliokuwa nje.

Wazee wa familia hizo wanapokutana na kijana wasiyemjua, humuuliza: wewe mtoto wa nani? Nasaba iliyoandikwa huanzia kwa babu mkuu na kuteremka. Kijana aliyeulizwa hawezi kuanzia huko. Huanzia kwake mwenyewe, akapanda kwa baba au mama, kisha akateremka kwa ami, shangazi na binamu. Jamaa ni wale wale, ila mahali pa kuanzia pamebadilika.

Mti uliopinduka

Katika kompyuta, mti husimama kichwa chini: mzizi uko juu na matawi huteremka. Kila jina huitwa nodi, na kila nodi ina mzazi mmoja tu, isipokuwa mzizi, usio na mzazi. Nodi isiyo na watoto huitwa jani.

Uchukuliwe mfano wa ukoo wa Busaid, uliotawala Oman na Zanzibar. Mzizi ni Imam Ahmad bin Said. Chini yake yuko Sultan bin Ahmad, na chini ya huyo yuko Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856. Kati ya watoto wengi wa Said, watajwe watano: Thuwaini, Turki, Majid, Barghash na Salme. Kwa Turki wanateremka Faisal, Taimur, Tariq na Haitham, aliyekuwa Sultan wa Oman Januari 2020. Salme, ambaye alizaliwa Zanzibar mwaka 1844 na baadaye kuitwa Emily Ruete, ana watoto, na hapa watajwe watatu: Antonie, Rudolph Said na Rosalie.

Mti huo una majina 15 na viungo 14. Zoezi linataka Salme awe mzizi.

Viungo vitatu tu

Wengi hudhani kwamba lazima mti wote uvunjwe na kujengwa upya. Sivyo. Vinavyogeuka ni viungo vilivyo katika njia ya kutoka mzizi wa zamani hadi mzizi mpya, basi. Hapa ni vitatu: Salme na Said, Said na Sultan, Sultan na Ahmad. Vingine 11 havibadiliki.

Programu huanzia kwa Salme. Humfanya baba yake kuwa tawi lake jipya, kando ya watoto wake watatu. Kisha huenda kwa Said, ikamwondoa Salme katika orodha ya watoto wake, ikawaacha wengine walipo, na kumwongeza Sultan chini yake. Kazi hiyo hiyo hurudiwa kwa Sultan, na humalizikia kwa Ahmad, ambaye sasa ni jani.

Makosa mawili hutokea mara kwa mara. La kwanza ni kusahau kumwondoa Salme chini ya Said. Hapo atakuwa juu ya baba yake na chini yake kwa wakati mmoja, na programu itazunguka bila kikomo. La pili ni kumhamisha Said peke yake na kuwaangusha watoto wake wengine. Turki akipotea, safu yote hadi Haitham imepotea naye.

Kazi ikifanywa sawasawa, swali la udugu huwa jepesi. Kutoka kwa Salme hadi kwa Haitham ni kuteremka tu: Said, Turki, Faisal, Taimur, Tariq, Haitham. Viungo sita.

Nani alimzaa nani?

Hata hivyo kuna hatari. Baada ya mzizi kuhamishwa, Said yuko chini ya Salme kama walivyo watoto wake. Programu inayotambua uzazi kwa kutazama nani yuko juu itamwona baba kuwa mtoto wa binti yake.

Katika mirathi, kosa hilo huwa la mali na haki za watu. Mirathi ya Kiislamu huhesabiwa kuanzia kwa marehemu, kwa hiyo yeye ndiye mzizi. Mtu akifariki na kuacha baba na mtoto mmoja wa kiume, bila mrithi mwingine, baba hupata sehemu moja ya sita na mtoto huchukua iliyobaki. Programu isiyoweza kuwatofautisha itawagawia nusu kwa nusu. Dawa yake ni kuandika kwenye kila kiungo nani ni mzazi na nani ni mtoto, kabla ya kugeuza chochote.

Aidha, ukoo halisi si mti kamili. Kila mtu ana wazazi wawili, na binamu wakioana, mtoto wao hufikiwa kwa njia mbili. Hapo programu hulazimika kukumbuka majina iliyokwisha kuyapitia.

Salme mwenyewe alikwenda Zanzibar mwaka 1885 kudai urithi wake, wakati kaka yake Barghash alipokuwa akitawala. Hakufanikiwa. Aliolewa na Mjerumani, akabadili dini na jina, na alifariki Jena, Ujerumani, mwaka 1924. Mti hauwezi kuamua haki ya dai lake. Lakini mzizi uwekwe kwa Ahmad, kwa Haitham au kwa Salme, kiungo kati yake na baba yake kimo.