Tovuti Nayo Huchakaa

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Lakini kitajiuzaje ikiwa mlangoni pameandikwa habari za jana?

Nimeitazama tovuti ya muuza mbao mmoja wa Elburgon, mji wa mbao karibu na Molo. Hadi leo yawaambia wateja kuwa ukataji miti umepigwa marufuku. Marufuku ya misitu ya serikali ilitoka Februari 2018. Rais Ruto alitangaza kuiondoa Julai 2023, akiwa papo hapo Molo. Anwani nayo yataja Mkoa wa Bonde la Ufa, hali mikoa ilizipisha kaunti mwaka 2013. Na maandishi hayaenei kwenye simu.

Ndugu msomaji, dalili ndizo hizo: habari iliyopitwa, anwani iliyokufa, ukurasa usiosomeka kiganjani. Rangi kupauka si hoja. Mteja akikuta neno moja si kweli, hata bei ataishuku. Naye huondoka kimya, wala harudi kukwambia sababu.

Basi kila mwezi jifanye mgeni. Ifungue tovuti yako kwa simu, uisome yote, kisha upige nambari iliyoandikwa. Akiitika mtu mwingine, ujue wateja wako wamekwisha kumpigia yeye.