Kwa Nini Koni ya Msonobari Hujifunga Ikipakwa Rangi

Koni ya msonobari iliyochanua vizuri, ikilowana rangi ya maji kupita kiasi, huanza kujikunja. Magamba yake huinuka taratibu kuelekea katikati, na pambo lililokusudiwa kufanana na ua hugeuka kibonge kilichofumba. Watengenezaji wengi wa mapambo ya Krismasi huitupa wakidhani imeoza au rangi ilikuwa mbovu. Rangi haina kosa, na koni ni nzima: imekutana na maji, ikafanya kile ambacho gamba lake limeumbwa kufanya.

Afrika Mashariki koni nyingi hutoka kwenye misonobari ya kupandwa. Katika shamba la miti la Sao Hill, wilayani Mufindi mkoani Iringa, aina iliyotawala ni Pinus patula, mti wenye asili ya Mexico. Koni zake ni ngumu, hushikamana na tawi kwa vishada, na nyingi zina urefu wa sentimita 7 hadi 10. Pwani, watu huokota vikoni vya mvinje, vyenye urefu wa sentimita 1 hadi 2 hivi. Mvinje si ndugu wa msonobari, ni mmea wa maua, ila tunda lake nalo hupasuka likikauka na kumwaga mbegu zenye bawa. Vifuu vya nazi, maganda ya mabuyu na ukili hutumika pia, na havisumbui: vikikauka vimekauka. Kinachojongea ni koni ya msonobari.

Gamba la koni limekufa. Halina msuli, wala seli hai inayosukuma maji. Mwaka 1997 Colin Dawson, Julian Vincent na Anne-Marie Rocca wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walieleza katika jarida la Nature jinsi linavyojongea bila uhai. Gamba lina tabaka mbili zilizogandamana, moja upande wa nje na nyingine upande wa ndani unaotazama mhimili wa koni. Zote mbili zimejengwa kwa seli zenye kuta za selulosi, na zote mbili hunywa maji. Zinatofautiana kwa namna nyuzi za selulosi zilivyolala ndani ya ukuta wa seli. Makala haya yanauita ulalo huo mlazo wa uzi, nao utapimwa kwa digrii, si kwa neno "nyuzi", ili vipimo visichanganyike na nyuzi zenyewe. Katika tabaka la nje mlazo ni digrii 74 hivi kutoka urefu wa seli, yaani uzi umeizunguka seli karibu kama pete. Katika tabaka la ndani ni digrii 30 hivi, kwa hiyo uzi unafuata zaidi urefu wa seli.

Anayejua nywele za uzi ameshaiona kanuni hii. Msusi hushika fungu la nywele, akalizungushia uzi mweusi kuanzia kwenye ngozi ya kichwa hadi nchani, mzunguko juu ya mzunguko. Fungu lililobanwa hivyo haliwezi kunenepa, kwa kuwa kila mzunguko ni pete inayolizuia. Likijazwa kitu kwa ndani, njia pekee iliyobaki ni kurefuka, na pete zitaachana kidogo kumpisha mgeni. Sasa msusi abadili mtindo: badala ya kuzungusha, alaze nyuzi zilezile kwa urefu, kutoka kwenye ngozi hadi nchani, zikiwa zimekaza. Fungu hili haliwezi kurefuka, maana kila uzi unalivuta. Likijazwa, litanenepa tu. Kisha mafungu hayo mawili yashonwe pamoja ubavu kwa ubavu, tangu shina hadi ncha, yaloweshwe yajae maji. La kwanza linataka kurefuka, la pili limegoma, na mshono hauruhusu moja kumwacha mwenzake. Suluhu ni moja: yote mawili hupinda, lile refu likiwa nje ya mpindo na lile fupi likiwa ndani. Yakikaushwa, la kwanza husinyaa kwa urefu na mpindo hugeuka upande wa pili.

Gamba la koni ni mafungu hayo mawili. Maji hupenya katikati ya nyuzi za selulosi na kuzisukuma zitengane. Katika tabaka la nje msukumo huo hurefusha seli. Katika tabaka la ndani huzinenepesha tu. Tabaka la nje likirefuka, gamba hupinda kuelekea mhimili na koni hufunga. Hewa ikikauka, tabaka la nje hufupika, gamba huvutwa nje na koni hufunguka. Mti unafaidika waziwazi: mbegu yenye bawa huachiliwa siku kavu, ambapo upepo unaweza kuipeleka mbali. Kwa kuwa kazi yote imo katika mpangilio wa nyuzi, haichakai upesi. Mwaka 2017 watafiti wa Ujerumani walionyesha kuwa koni za kale zilizochimbwa ardhini, baadhi zikiwa na zaidi ya miaka milioni 11, bado zilijongea zilipoloweshwa na kukaushwa.

Kutokana na hayo, utengenezaji una mpangilio wake. Kwanza koni huoshwa kuondoa vumbi na wadudu. Itafunga, na hilo lisimtishe mtu. Kisha hukaushwa kwenye oveni yenye joto la sentigredi 90 hadi 100, juu ya sinia, kwa nusu saa hadi saa moja, huku ikiangaliwa. Koni za Pinus patula huhitaji joto kuliko nyingine, kwa sababu magamba yake hugandishwa na utomvu ambao lazima ulainike kwanza. Jua kali la siku kadhaa husaidia, lakini huenda lisitoshe kwa koni ambayo haijawahi kufunguka. Utomvu hushika moto, hivyo koni haikaushwi juu ya makaa.

Upakaji unafuata mwendo wa gamba. Mpindo mkubwa hutokea karibu na kitako cha gamba, si nchani. Rangi nzito ikijazwa kitakoni hupasuka au hugundisha magamba jirani, nchani hudumu. Kwa hiyo brashi huwekwa rangi kidogo na kugusishwa ncha tu. Rangi ya mafuta haiifungi koni, kwa vile haina maji, ingawa hukawia kukauka. Rangi ya maji nayo inafaa ikiwa haba, na koni ikijikunja kidogo itafunguka tena maji yakishatoka.

Kufunga kwenyewe kunaweza pia kutumiwa. Koni hulowekwa hadi ifumbe, hufutwa, kisha hupakwa rangi nyeupe au ya dhahabu upande wa nje pekee, bila kujaza mifereji iliyo kati ya magamba. Ikikauka na kufunguka, kila gamba huwa na ncha yenye rangi na tumbo la kahawia ambalo brashi haikuligusa. Kwa mkono, mpaka huo ungemchukua mtu saa nyingi.

Rangi iliyochaguliwa iwe na risasi isiyozidi sehemu 90 kwa milioni, hasa katika nyumba yenye watoto. Koni iliyokamilika hutundikwa mbali na mvuke wa jikoni, na sikukuu ikiisha huhifadhiwa katika chombo kikavu chenye kifuniko. Ikikutwa imefumba mwaka unaofuata, hurudishwa mahali pakavu penye joto hadi ifunguke.